Sikio la Kushoto la Ruwaida

Kila asubuhi kabla ya kuoga, Ruwaida aliziba sikio lake la kushoto kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Sikio hilo lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni, hasa majira ya baridi. "Maji yasiingie, mwanangu," mama yake, Mwanakhamisi, hakuchoka kumkumbusha. Ruwaida aliitikia, akaoga, akavaa sare na kwenda shule, pale Uyole, Mbeya.

Alipotimiza miaka kumi na minne, alichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Shelisheli. Huko wanafunzi hujifunza kutunza matumbawe, ile miamba hai wanamoishi samaki, na huzamia baharini na mitungi ya hewa ili kuyachunguza. Baba yake, Yunusu, muuza vitenge, alimtangazia kila mteja habari hiyo.

"Umewahi kuumwa masikio?" aliuliza daktari aliyewapima wanafunzi kabla ya safari, foleni ikiwa ndefu mlangoni.

"Hapana," alijibu Ruwaida.

Nyumbani mama alipouliza habari za sikio, alimwambia daktari amesema limepona. Tangu siku hiyo moyo wake ulikufa ganzi. Watu walimpongeza, naye akatabasamu kwa kuwa walitarajia atabasamu.

Mazoezi ya kuzamia ya wanafunzi waliochaguliwa yalifanyika Iringa, kwenye bwawa la hoteli moja. Mkufunzi wao, Mwalimu Eveline, aliwapanga wawili wawili. Mwenzake Ruwaida alikuwa Prisca, binti mchangamfu wa wafugaji wa Usangu.

"Chini ya maji, kila mmoja ni mlinzi wa mwenzake," Mwalimu aliwaambia.

Siku waliposhuka kwenye kina kirefu, maji baridi yalipenya sikioni mwa Ruwaida. Ghafla bwawa zima likaanza kuzunguka. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Alirusha mikono ovyo, akamng'oa Prisca kifaa cha kupumulia mdomoni. Prisca hakumwacha. Alimkamata mkanda akampandisha hadi juu, ingawa mwenyewe alishakunywa maji. Ukingoni alikohoa mpaka macho yakawa mekundu. Ruwaida aliketi kando yake, hakulia wala kutetemeka.

Mwalimu Eveline, aliyekuwa akiwasaidia wengine upande wa pili, aliona mikono tu ikivutana.

"Prisca! Jana nilikukanya kuhusu michezo majini. Leo unamvuta mwenzako?"

"Sijamvuta, Mwalimu. Nilikuwa namwokoa."

"Shelisheli hatupeleki mtu wa mchezo. Nitawapigia wazazi wako."

Prisca alimgeukia Ruwaida, akangoja. Ruwaida alitazama vigae. Akinyamaza tu, Prisca atarudishwa nyumbani.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti kavu kama anayesoma maneno ubaoni. "Sikio langu ni bovu. Linatoa usaha tangu nikiwa mdogo. Nilimdanganya daktari. Na mama pia."

Mwalimu alimgeukia Prisca. Alimwomba msamaha mbele ya wote, akampeleka Ruwaida hospitali. Ngoma ya sikio ilikutwa na tundu.

"Linaweza kuzibwa kwa upasuaji," alisema daktari wa huko. "Lakini kwa sasa, kuzamia hapana."

Nafasi yake alipewa mwingine. Ruwaida alisikia habari hiyo kama inamhusu mtu asiyemjua.

Baba alikuja kumchukua. Basi liliposimama kituo cha Nyololo, alinunua mahindi ya kuchemsha dirishani na kumpa moja. Ruwaida alilishika tu.

"Baba, sokoni utawaambia nini?"

"Kwamba binti yangu anatibiwa sikio."

"Watacheka."

"Wacheke. Mimi sikuwa najivunia safari, mwanangu, najivunia wewe." Alimgeukia. "Ukificha ugonjwa, huumii peke yako. Prisca nusura afe kwa ajili yako, halafu akalaumiwa. Umechelewa kusema ukweli, lakini umeusema. Siku nyingine useme mapema, hata kama utakukosesha unachokitaka."

"Ndiyo, Baba."

Basi liliondoka. Ruwaida aliling'ata lile hindi. Lilikuwa la moto, likamwunguza ulimi, na hapo machozi yakaanza kumtoka, mengi, bila kikomo. Baba alisogeza mfuko uliokuwa kati yao, akamwacha amwegemee begani.