Jiko Ndani ya Turubai

Siku ya soko la Jumanne ilianza vizuri nyumbani kwa Bassou. Mama yake, bibi Itto, alikuwa akichovya mkate katika mafuta ya zeituni, na Tuda, mke wa Bassou, alikuwa akimimina chai ya nanaa. Nje, theluji ya wiki iliyopita ilikuwa imebaki vipandevipande chini ya mierezi. Hata mvua ilikuwa haijaanza.

Ndugu zangu wa huku mlimani, tusidanganyane, baridi yetu tunaijua. Pikipiki ya magurudumu matatu, yaani guta, haina mlango wala kioo. Dereva hupanga magazeti chini ya koti na kuvaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, na bado maji humwingia shingoni. Bassou alikuwa ameendesha guta miaka mingi, na alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Abiria wake lakini walistarehe. Alikuwa amelifunika sanduku la nyuma kwa turubai zito, akalishona kila pembe, na ndani aliwawekea jiko la mkaa.

"Guta la Bassou ni hamamu," wanawake walimsifu. "Imebakia sabuni tu!"

Sifa humnogea mtu aliyechoka, na Bassou zilimlevya.

"Baba watoto, acha upenyo kidogo kwenye turubai," Tuda alimwambia asubuhi ile. "Huo mkaa siuamini."

"Mkaa ukishaiva ukawa mwekundu, hauna moshi. Sasa ubaya wake nini? Au unataka mama yangu agande ili roho yako itulie?"

Tuda akarudi kwenye chai yake. Kwani sisi sote hatuamini vivyo hivyo?

Bassou na mama yake walipotoka sokoni alasiri, mvua ilikuwa inapiga ubavuni, nusu maji nusu barafu. Bibi Itto alipanda nyuma pamoja na jirani yao Rabha, katikati ya magunia ya unga.

"Mwanangu, magoti yangu si yangu tena," alisema bibi.

"Subiri, mama, nikuongezee mkaa."

Akaongeza, akafunga turubai, akakaza kamba. Rabha alicheka kutoka ndani: "Tukifika tumeiva, utuandalie na sahani!"

Mwanzoni wanawake waliimba, na Bassou aliwasikia kupitia mvua. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwenye usukani, na macho yalimwuma kwa upepo. Baadaye nyimbo zikakoma. Amelala mama yangu, alijisemea, na akashukuru kwa kimya kile, maana kichwa kilikuwa kinamgonga na hakutaka kuongea na mtu. Nawaambieni ukweli, kimya kile alikifurahia.

Kwenye mwinuko wa mwisho, gurudumu la mbele lilizama katika tope. Bassou alishuka.

"Mama, shukeni kidogo nisukume. Hata mabibi wakubwa hushuka kwenye tope!"

Hakuna aliyejibu.

"Rabha! Mnanifanyia mzaha?"

Fundo la kamba lililolowa lilikataa kufunguka. Alilikata kwa kisu, akalipasua turubai kutoka juu hadi chini. Rabha alikuwa amelala karibu na mshono uliolegea, anatapika na kulia. Bibi Itto alikuwa ameegemea gunia, mashavu mekundu kama ya mtu mwenye afya, na hakuitika.

Bassou alimtoa nje, akamlaza kwenye majani yaliyolowa, kisha akamtoa na Rabha. Mvua ile ile aliyomkinga nayo ilimpiga bibi usoni, na baada ya muda mrefu kifua chake kikainuka. Bassou akalisukuma guta kama mwendawazimu mpaka likatoka, akawapakia wote wawili bila turubai, akashuka nao hadi zahanati huku analia kwa sauti.

Rabha alipona. Bibi Itto naye aliishi, ila akili haikurudi yote. Hewa ya mkaa ilikuwa imeichukua. Sasa hukaa kwenye zulia, Tuda humlisha, na Bassou akirudi amelowa, humwinamia kumbusu mkono.

"Karibu, baba," bibi humwambia kwa adabu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Itto," humjibu.

"Ana bahati huyo Itto," husema bibi.

Na kesho humwuliza tena.

FUNZO

Jamani, mkaa mwekundu usio na moshi ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa sumu yake haionekani wala hainuki. Usiufungie ndani ya turubai, wala chumbani, wala hemani, hata kama wazee wako wanatetemeka. Wavike blanketi, wafunge mitandio, na uache upepo upite. Baridi itawauma, nakubali. Lakini mzazi aliyeumwa na baridi utamkandakanda magoti jioni, naye atakulalamikia akikutaja kwa jina lako. Na mkeo akikuambia jambo asubuhi, msikilize kabla hujawasha pikipiki.