Ndoo ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia ua, akachota maji, kisha akachungulia mizinga nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa kwa kupenda kuongea, ila tangu baba yake azikwe, mdomo ulikuwa umefungwa. Nyuki nao walikuwa wamehama.

Kabla ya kuugua, baba aliuza asali ambayo alikuwa hajairina. Muuza dawa za asili alimlipa mapema bei yote ya ndoo tatu, wakaelewana: asali safi, isiyochanganywa na kitu, mwisho wa msimu. Fedha zile ziliishia hospitali, na baba akaishia huko huko. Ndoo mbili zilikuwa zimejaa. Ya tatu ilikuwa nusu.

"Baba yako hatapumzika kaburini mpaka ndoo hizi zimfikie muuza dawa," mama alisema mara nyingi, akilia.

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Mama alipokwenda sokoni, alichemsha maji na sukari, akapoza, akamimina mpaka ndoo ya tatu ikajaa pomoni.

Mama aliporudi alichovya kidole, akaonja. Akakaa chini.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimemlipia baba deni."

"Hujamlipia, umemwongezea. Alidaiwa asali. Sasa abebe na uongo pia?"

"Lakini mama, mizinga yetu ni mitupu!"

"Hakuuza asali ya mizinga hii. Hii ni biashara ya salam: bei leo, mali baadaye, kwa sifa zilizotajwa. Aliahidi asali safi, itoke popote. Tulipungukiwa nusu ndoo. Sasa tunahitaji nzima."

Siku iliyofuata mama aliuza baiskeli ya baba, ile ambayo Chiriku alizoea kupakiwa nyuma yake. Chiriku aliumia sana. Wakanunua ndoo ya asali kwa mrina asali wa ng'ambo ya mto.

Walipompelekea ndoo, muuza dawa alionja zote tatu, akaridhika. Aliposikia habari ya baiskeli, alishika kichwa.

"Shemeji, mngeniambia! Ningesubiri msimu ujao."

"Wewe ungesubiri," mama alijibu. "Yeye je?"

Walirudi kwa miguu.

"Mama, sasa baba amepumzika?"

"Amepumzika. Dawa ya deni ni kulipa, mwanangu, na kulipa ni kutoa kile kile ulichoahidi. Ukipungukiwa, sema, usijaze ndoo kwa hila." Akamshika mkono. "Haya, ongea basi. Nyumba imekuwa kimya mno."