Samaki Mwenye Firigisi

Kila asubuhi, kabla steji ya Kawangware 56 haijachangamka, Filister huwa ameshawasha jiko. Karai liko juu, mafuta yanachemka, na harufu ya samaki inawaita watu kabla yeye hajafungua mdomo. Filister alizaliwa kando ya Ziwa. Mpe samaki wa huko gizani, ngege au mbuta, atakwambia ni yupi kwa kumpapasa tu.

Lakini wiki hiyo samaki wa ziwani waliadimika. Sokoni akapata sanduku la samaki waliotoka pwani kwa barafu. Walikuwa wanene, wenye vichwa bapa na magamba ya kung'aa kama sarafu mpya. Muuzaji alisema wanaitwa mkizi.

"Samaki ni samaki," Filister akajiambia.

Nyumbani akapasua wachache wa kuanzia, vile mama yake alivyomfunza. Matumbo alitupa. Mayai aliacha, maana wateja wake hupenda kutafuna vya ndani. Kila mkizi alikuwa na kitu kigumu tumboni, kimeviringana kama kokwa.

"Huyu ana moyo mkubwa," akasema. Akauacha hapo hapo, akakaanga.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya Muiruri. Muiruri ndiye mwenye ploti anayokaa Filister, kule mtaa wa Kongo. Pia ana duka karibu na steji, anauza saruji, mabati na mchanga. Alikaa kwenye benchi, akamega ugali, akatia kile kitu kigumu mdomoni.

Krrr!

Benchi zima likageuka. Muiruri akatema mkononi.

"Filister! Hii ni mchanga?"

"Mchanga wapi, landilodi?"

"Mchanga hapa 56 nauza mimi! Nauza kwa lori! Leo wewe unaniuzia kwa sahani?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa.

"Hao ni samaki wa mtaro, buda," kijana mmoja akasema. "Wametolewa kwa ule mto wa huko chini."

"Ona hata macho," mwingine akadakia. "Yana ukungu. Hao wamelala sana."

Sahani zikarudi moja moja. Mchana ulipofika, benchi lilikuwa tupu. Jina zuri ambalo Filister alilijenga kwa miaka sasa lilizunguka steji likiitwa Mama Mchanga. Alijua kazi ya chakula. Jina likiharibika, karai linapoa.

Akabeba sanduku hadi nyumbani. Wale wengine walikuwa bado hawajapasuliwa, wamezikwa kwenye barafu. Kwenye mfereji wa maji wa ploti alimkuta jirani yake Nanyama akifua. Kando yake alikaa Mbula, ambaye wote humwita Mama Muia. Mbula alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya uvuvi huko Kilifi, hadi alipostaafu.

"Mama Muia, nipishe kidogo. Nataka kutupa hawa. Wateja wamewakataa: macho yana ukungu, na moyo umejaa mchanga."

"Kutupa mkizi? Wewe! Weka chini. Nanyama, lete kisu na beseni."

Mbula akamkagua samaki mmoja, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Kitendawili!"

"Tega," Nanyama akajibu.

"Hana manyoya, hana mbawa, lakini anaruka, na ana firigisi."

"Kuku aliyenyonyolewa!"

"Kuku aliyenyonyolewa anaruka kwenda wapi, Nanyama? Kwa sufuria?"

Hata Filister, aliyekuwa karibu kulia, akacheka. Mbula akapasua samaki. Akatoa kile kitu kigumu na kukigawa kwa kisu. Ndani mlikuwa na tope na mchanga laini.

"Hii si moyo, mwanangu. Hii ni firigisi."

"Samaki ana firigisi?" Nanyama akaacha nguo ndani ya povu. "Kwetu firigisi ni ya mzee wa nyumba. Sasa akijua hata samaki anayo, tutakula nini sisi?"

"Sikilizeni," Mbula akasema. "Kuku hana meno. Humeza vijiwe, na firigisi husaga chakula kwa vijiwe hivyo. Mkizi ni vivyo hivyo. Chakula chake ni vimea vidogo ambavyo jicho halivioni, na majani ya mikoko yaliyooza. Hivyo vyote viko kwenye tope. Basi anafyonza tope, anachuja, mengine anatema. Mchanga unaobaki ndio jiwe lake la kusagia."

"Tope tu, na ananenepa hivi?" Filister akauliza polepole.

"Shika hapa."

Filister akashika ncha ya utumbo. Mbula akampa Nanyama ncha nyingine. "Rudi nyuma. Rudi tena." Nanyama akarudi, akapita mfereji, akapita mlango wa kwanza, na utumbo bado ulikuwa unakunjuka. Wanawake wakatazamana. Samaki mwenyewe hakuzidi mkono, na matumbo yake yalikuwa yamefika kwa jirani.

"Mungu wangu," Nanyama akanong'ona.

"Chakula cha tope ni kigumu kuyeyusha. Lazima kisafiri sana," Mbula akasema. "Na huo ukungu wa jicho ni ngozi ya mafuta inayolifunika. Amezaliwa nayo. Ukitaka kujua kama ameharibika, mnuse. Fungua mashavu, uone kama matamvua ni mekundu. Bonyeza nyama. Ikirudi juu, ni mzima."

Filister akabonyeza. Ikarudi.

"Na kuruka?" Nanyama akauliza.

"Anaruka juu ya maji, tena na tena. Nimemtazama miaka yangu yote ya kazi. Wengine husema anakimbia adui. Wengine husema anatafuta hewa. Waliosoma bado wanabishana." Akasuuza kisu. "Akikomaa, huondoka kwenye mikoko na kundi kubwa, akaenda kutaga baharini. Wale watoto, wembamba kama sindano, hurudi wenyewe hadi kwenye mikoko. Hakuna mama wa kuwaonyesha njia."

Halafu akamfundisha kazi. Usimkawize na matumbo nje ya barafu. Kwangua ile ngozi nyeusi ya ndani ya tumbo, maana huleta ladha ya tope. Firigisi igawe, imwage, iparuze kwa chumvi, ioshe. Barafu isiishe.

Kesho yake Filister hakupasua samaki nyumbani. Alipasua pale pale steji, mbele ya watu.

"Mama Mchanga amerudi!" wakamtania.

"Nimerudi. Kitendawili!"

"Tega!"

Alipowatega, walitaja kuku, panzi, hata konda wa matatu. Akagawa firigisi mbele yao, na benchi likajaa shingo zilizonyooka. Muiruri naye akasogea, mikono nyuma, kama asiyetaka chochote.

"Kwa hivyo ule mchanga..." akasema.

"Ni wa baharini, landilodi. Leo nimeutoa wote."

"Lete nione."

Filister akammiminia chembe chache kiganjani. Muiruri, ambaye ameuza mchanga tangu ujana wake, aliusugua kwa kidole gumba na kuutazama kwa muda mrefu.

"Bahari sijawahi kuiona," akasema kwa sauti ndogo.

Akaufunga kwenye kitambaa, akautia mfukoni. Kisha akakaa mahali pake.

"Haya, niwekee. Na firigisi ni yangu!"