Mahudhurio ya Jioni

Mama mdogo Rukaiya alinituma ubani na marashi dukani, jua likiwa limeshaegemea mikoko. "Nenda mbio, Zuhra, na usisimame na mtu," alisema. Nyamisati ilikuwa na shughuli zake za kila jioni: boti ya kwenda Mafia imeshafungwa, wabeba boriti wanaoga, mama lishe wanakwangua masufuria. Mimi nilikuwa nakimbia, kanga nimeishika kichwani, na mdomoni narudia maneno ambayo pale kijijini hakuna aliyewahi kuyahitaji.

Sum. Es. Est. Mimi ni, wewe ni, yeye ni.

Kilatini. Somo la mwanzo kabisa.

Msinicheke. Chuoni Dar es Salaam kozi za hiari nilizozitaka zilijaa kabla simu yangu haijashika mtandao. Ikabaki Kilatini, na mwenye njaa hana miiko. Mwalimu wetu ni mzee mpole, padri mstaafu, mwenye sharti moja tu. Akiita majina, unaitika "Adsum." Maana yake nipo hapa, lakini ukiitika kwa lugha nyingine anakuandika hukuja. Tulizoea mpaka bwenini tukiitana tunaitikiana hivyohivyo.

Likizo fupi nilikuja nyumbani na mtihani unanisubiri. Jioni nilikwenda kusoma kwa sauti nyuma ya nyumba yetu, zinaporundikwa boriti, penye kaburi la zamani, ambapo wenyeji wanapaita kwa Mzungu. Hapana jina pale, ni msalaba wa chuma ulioliwa na chumvi. Mama yangu, Mwanamkuu, akanifuata na ndoo mkononi.

"Mwanangu, maneno ya kigeni hayasomwi kwa sauti saa hizi. Hujui nani anayasikia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama kati yangu na ile mikoko mpaka nikakusanya vitabu vyangu, na nilipogeuka nyuma bado alikuwa anaitazama, kama mtu aliyeulizwa jambo.

Nikarudi chuoni. Haukupita muda, kaka yangu Badru akanitumia sauti kwenye simu. Aliandika: "Mama haongei Kiswahili tena. Sikiliza wewe, msomi wetu." Nilisikiliza nikiwa kitandani. Ilikuwa sauti ya mama, mama yangu aliyeishia darasa la saba, ambaye lugha zake ni Kiswahili na Kindengereko, basi.

"Ubi es, puella?"

Uko wapi, binti?

Nikapanda basi la alfajiri. Hospitali ya Mchukwi walikuwa wameshampima kila kinachopimika. Walimtundikia maji, wakasema kwa upole kwamba hawaoni cha kutibu. Nyumbani alikuwa hali wala hanywi. Macho yalimzama, na mkono wake ukawa mwepesi hata nikaogopa kuushika. Mama yangu alikuwa anaondoka hivihivi tunamtazama, na maneno pekee aliyokuwa nayo yalikuwa ya kitabu changu. Ndipo tukamwita Bi Hajira, fundi wa pepo.

Basi niliporudi na ubani nilimkuta mama amekalishwa mkekani, amefunikwa shuka nyeupe gubigubi. Bi Hajira akaingiza chetezo chini ya shuka. Moshi ukajaa. Lakini chini ya ubani nilisikia harufu nyingine... tope la mikoko, maji yakishapwa.

Desturi ni moja. Pepo akipanda anaulizwa jina lake, kwao, na anachotaka. Akishasema, mnapatana, naye anamwachia mgonjwa. Msipoelewana, mgonjwa huchakaa mpaka anakwisha.

Bi Hajira aliuliza kwa Kiswahili. Akauliza kwa Kindengereko, kisha kwa Kiarabu alichosoma madrasa utotoni. Ndani ya shuka kikatoka kicheko kidogo, cha mtu mwenye subira. Bi Hajira akanigeukia.

"Miye nimefika mwisho. Muulize weye."

"Bi Hajira, mimi nimesoma nusu muhula tu."

"Basi muulize ya nusu muhula."

Nikapiga magoti. "Quis es?" Wewe ni nani?

"Magister sum."

Alijibu polepole, neno moja moja, kama mwalimu anavyosema na mwanafunzi mzito. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alikijua kiwango changu.

"Anasema ni mwalimu," nikanong'ona.

"Kwao wapi?"

"Ubi habitas?"

"In aqua."

"Anakaa majini."

"Muulize anataka nini."

Neno la kutaka tulikuwa hatujafundishwa. Tulifundishwa kupenda, kubeba maji, kusifia waridi na kumwona baharia. Mama yangu anakufa, na mimi mkononi nina waridi! Nilijichukia. Nikasema nililokuwa nalo. "Quid amas?" Unapenda nini?

Shuka ikatulia.

"Discipulos."

Wanafunzi.

Nilipolifasiri, Bi Hajira alinywea kidogo, kisha akaanza kuahidi: jogoo mweupe, marashi, kulisafisha lile kaburi la kwa Mzungu. Hakuna hata kimoja nilichoweza kukisema kwa Kilatini. Nikayashika magoti ya mama juu ya shuka. "Mater mea est," nikamwambia yule mwalimu. Ni mama yangu. "Mater mea est. Mater mea est." Nililia huku nasema, maana hilo nililijua lote. Kifua cha mama kikapanda, kikashuka, kikachelewa kupanda tena.

Halafu yule mwalimu akaanza kuita majina.

"Kondo."

Nyuma ya nyumba, ndani ya mikoko, mtu akaitika. Sauti ya mwanamume, iliyojaa maji.

"Adsum."

Mama mdogo Rukaiya akaziba masikio. Bi Hajira akaninong'oneza. "Kondo ni babu, alimzaa mama yangu. Alikwenda kukata boriti, mama bado hajatambaa. Hakurudi."

"Semeni."

"Adsum." Huyo Semeni alikuwa mwanamke. Alikuwa karibu zaidi.

"Zuhra."

Hakuna aliyepumua mle chumbani. Mama naye hakupumua.

Kwetu mtoto anafundishwa hili kabla hajajua kuhesabu: ukiitwa magharibi na usiyemwona, usiitike. Ngoja mara ya tatu. Kisicho mtu huita mara mbili kikachoka. Anayekuita mara ya tatu ni mtu wako. Bi Hajira alikuwa ameshaingiza mkono mmoja chini ya shuka, anaushika uso wa mama. Kwa mkono wa pili alinionyesha vidole vitatu.

"Zuhra."

Sauti ileile ya kuita mahudhurio. Kifua cha mama kilikuwa kimelala. Shuka mbele ya pua yake haikutikisika. Nilitaka kuitika, nikajiuma ulimi mpaka nikaonja damu. Ya Rabi, nilingoja. Nilingoja huku namwona mama yangu anakufa.

"Zuhra, mwanangu..."

Mama. Mama mwenyewe, kwa sauti ile ya kuniita nije kula.

Mara ya tatu.

"Adsum," nikasema.

Sikusema abee. Mazoea yalinitangulia.

Shuka ikavutwa ndani kwa pumzi kubwa. Mama akakohoa, akaitupa shuka, akatutazama mmoja mmoja. "Nipeni maji," alisema, kwa Kiswahili. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine. Mama mdogo alilia kwa furaha, na mimi nilimkumbatia mama nikasikia moyo wake unapiga. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sitakuwa nayo tena.

Bi Hajira hakufurahi. Alinivuta uani.

"Ile ya tatu uliisikia inatoka wapi?"

"Kwa mama."

"Mkono wangu ulikuwa mdomoni kwake, Zuhra. Midomo haikufunguka." Akatazama mikoko. "Imetoka kule, na weye umeitika."

Nikamuuliza ni nani aliyezikwa pale kwa Mzungu. Akaniambia, "Wazee walisema alikuwa akifundisha. Maji yalikuwa yanajaa, wakamfukia haraka, bila dua ya kwao wala ya kwetu. Zaidi ya hapo sijui, na weye usitafute."

Mama amepona. Anakaanga samaki, anagombana na Badru, kila kitu kimerudi mahali pake. Nami nikarudi chuoni.

Siku ya kwanza darasani mwalimu akaita majina. Mimi huwa wa mwisho, kwa sababu ya herufi ya jina langu.

"Zuhra."

Nikafungua mdomo.

"Adsum," ikasema sauti yangu, kutoka kiti cha nyuma kabisa.

Mwalimu akaweka alama bila kuinua macho. Hakuna aliyegeuka. Niligeuka mimi. Kiti kilikuwa kitupu, na chini yake sakafu ilikuwa imelowa. Harufu ya tope ilikaa puani mwangu mpaka usiku.

Tangu siku hiyo sauti inaniishia. Kwanza niliwasalimia watu wakaniuliza nasemaje. Sasa nawasalimia, wananipita. Daktari wa chuo amelimulika koo langu na kusema ni zima. Ndiyo maana naandika. Mkono bado ni wangu.

Jana jioni mama alipiga simu. Nikapokea, nikaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Zuhra?"

Nilijikaza mpaka koo likauma. Hakikutoka kitu.

"Abee, mama," akaitika mtu ndani ya simu.

Ilikuwa sauti yangu. Na sasa imejifunza Kiswahili.

Wakazungumza. Mvua, samaki, mtihani. Nilipiga ukuta kwa kiganja, nikagonga simu kwenye chuma cha kitanda ili mama asikie kitu chochote, hakusikia. Alikuwa anacheka. "Leo sauti yako nzuri, mwanangu," alisema. "Lini unakuja?"

"Nimeshafika, mama," ikamjibu. "Nifungulie mlango wa nyuma."

Nikasikia mama anaweka simu chini. Nikasikia komeo.