Godoro la Fundi Makochi

Fundi Makochi alikuwa hatupi kitu. Ukimpelekea kochi lililochoka, atalivua kitambaa, atatoa sponji ya zamani, atatia mpya, na kochi litarudi kwako limenona. Sponji ya zamani je? Inabaki kwake. Kipande hiki mto, kipande kile kiti cha jikoni. Hata paka wa nyumba hiyo alikuwa na godoro lake.

Siku moja alitoa sponji nene kwenye kochi la mteja. Akaiunga kwa gundi, akaishonea kitambaa cha maua, akawapa mama yake mzazi na bintiye. Nyumba yao ni ya watu watatu, na hao wawili wanalala kitanda kimoja.

"Godoro la kifalme hilo," alijisifu. "Mkichelewa kuamka msinilaumu."

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne, binti alirudi kutoka kazini saa nne asubuhi. Alikuwa kwenye majaribio ya kazi katika bekari ya mtaa wa pili.

"Mbona mapema?" Fundi akamtania. "Mikate imegoma kuumuka?"

Binti hakucheka. Akapandisha mikono ya blauzi. Mikono ilijaa vipele vyekundu, vimevimba, kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Msimamizi ameniona najikuna," akasema. "Eti mwenye ugonjwa wa ngozi hagusi unga wake. Nilete karatasi ya zahanati kwamba siambukizi. Ijumaa ikifika sijaileta, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Kakufukuza hivihivi?"

"Hivihivi! Na yeye mwenyewe amevaa mikono mirefu mbele ya tanuri, jasho linamtoka chururu. Lakini wa kusemwa ni mimi."

Bibi akatoka chumbani. "Ni mayai hayo. Mwachisheni mayai."

"Tumemwachisha wiki nzima, mama. Vipele vinazidi."

"Basi ni sabuni."

"Sabuni tumebadilisha mara mbili."

"Mbu?"

"Tunalala ndani ya chandarua, bibi," binti akajibu.

Bibi akanyoosha mikono yake. "Mimi je? Tunalala ubavu kwa ubavu, na sina hata kidoa. Ngozi hii wadudu wanaiheshimu."

Fundi akakuna kichwa. Kitanda kimoja, shuka moja. Huyu anavimba, yule mzima. Basi bila shaka ni ugonjwa, tena uko kwenye damu. Akachukua chupa ya mafuta ya taa, akalowanisha kitambaa.

"Lete mkono, mwanangu. Hii itaua kila kitu."

"Pamoja na mtoto mwenyewe!" sauti ikasema mlangoni. Alikuwa muuguzi wa zahanati, jirani yao, amekuja kuchukua kiti chake. "Fundi, unamtibu au unamkaanga? Weka chini hiyo chupa. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi."

"Sista, tumekwama," Fundi akasema. Akaiweka chupa chini.

Muuguzi akamsogeza binti dirishani. Akamtazama mikono, shingo na miguu.

"Vinatokea saa ngapi?"

"Nikiamka navikuta."

"Katikati ya vidole panawasha?"

"Hapana."

"Tumboni je, mgongoni?"

"Hapana. Ni mikononi, shingoni na miguuni tu."

"Yaani pale shuka haifiki. Na angalia: vitatu vimejipanga mstari, hapa vinne. Nadhani kuna mtu anatembea usiku huku anaonja. Twende chumbani."

Wakatoa shuka. Muuguzi akawasha tochi ya simu, akaomba kadi ngumu, akaipitisha taratibu kwenye mshono wa godoro. Kulikuwa na vidoti vyeusi kama ncha ya kalamu. Kulikuwa na maganda mepesi, rangi ya maganda ya kitunguu. Halafu kitu kikatembea. Kilikuwa cha kahawia, bapa, ukubwa wa punje ya dengu.

"Kunguni!" Bibi akaruka kando kama msichana. "Lakini mimi hawaniumi!"

"Wanakuuma sana tu, bibi. Ngozi za watu hazifanani. Mmoja anavimba, mwingine haonyeshi chochote."

Bibi akatazama mikono yake kwa uchungu. "Kumbe wamenila wiki tatu, na hata risiti hawaniachii?"

Binti akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akauliza pole pole, "Sista, nitawaambukiza watu?"

"Hapana. Alama hizi hazihami kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Na kunguni hawajulikani kuambukiza watu maradhi. Kesho njoo zahanati, nikuandikie."

Binti akakaa chini, akashusha pumzi ndefu.

"Sasa sikiliza," muuguzi akaendelea. "Osha kwa maji na sabuni. Panapowasha, weka kitambaa cha maji baridi. Kata kucha, usijikune, maana ukichubua, vidonda vinaingia uchafu. Zahanati tutakupa dawa ya kupaka ya kupunguza muwasho. Vitapona vyenyewe wiki moja au mbili. Lakini ukiona usaha, au homa, au wekundu unaenea, rudi haraka. Na mtu akivimba uso au akikosa pumzi, hapo hapo hospitali."

Kisha akamgeukia Fundi. "Godoro hili mlilitoa wapi?"

Fundi akatazama dari. "Kwenye kochi."

"Kochi la nani?"

"La... la msimamizi wa bekari."

"Baba!" binti akapiga kelele.

Jumatano, binti aliporudi na karatasi ya zahanati, nyumba nzima ilifanya kazi. Shuka, chandarua na nguo zilifuliwa kwa maji ya moto sana, zikaanikwa, zikafungwa kwenye mifuko. Fundi alisugua mbao za kitanda kwa brashi na kumwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa. Kitanda kilitengwa na ukuta. Dawa ya kupulizia waliambiwa wamwachie mtaalamu, wasinyunyize dawa ya shamba mahali pa kulala. Na lile godoro la kifalme? Fundi alilikata vipande, akalifunga kwenye plastiki, akaandika "LINA KUNGUNI" ili mtu asiliokote. Kulitupa kulimuuma kuliko kunguni wenyewe.

Alhamisi, Fundi na bintiye wakaenda bekari. Msimamizi akaisoma karatasi, mikono mirefu imefungwa vifungo hadi mwisho.

"Kunguni?" akasema. "Kwenu ni wachafu kiasi hicho?"

Fundi alikuwa na utani kumi mdomoni. Akamtazama bintiye usoni, akaumeza wote.

"Mama, kunguni hawachagui nyumba. Wanasafiri na mizigo. Hawa wetu walisafiri ndani ya sponji niliyoitoa kwenye kochi lako. Kosa ni langu, sikulikagua."

Msimamizi akasogea karibu. Akachungulia kushoto na kulia. Akafungua kifungo, akapandisha mkono wa blauzi. Vitatu vimejipanga mstari. Vingine vinne.

"Miezi miwili naficha," akanong'ona. "Nilidhani ni joto la tanuri. Halafu nikadhani nimerogwa."

"Usijikune," binti akamwambia. "Maji, sabuni, kitambaa baridi. Na zahanati watakupa dawa ya kupaka. Haviambukizi, shangazi."

Msimamizi akacheka mpaka akafuta macho. Akachukua aproni msumarini, akamtupia binti. "Vaa. Unga unakusubiri. Na wewe Fundi, kochi langu je?"

"Nakuja leo na tochi."

Baada ya siku kumi walirudia kazi yote, maana mayai ya kunguni huanguliwa baadaye. Wakakagua tena wiki iliyofuata: hakuna kidoti. Mikono ya binti ilikuwa safi, na msimamizi alikuwa anaoka mikate amevaa mikono mifupi.

Siku hizi kochi halivuki mlango wa Fundi kabla ya kumulikwa mishono yote, huko nje. Sponji ya zamani haingii ndani kabisa. Ni Bibi tu anayelalamika. Kila asubuhi anamwita mjukuu wake, ananyoosha mikono yake isiyo na hata kidoa.

"Niangalie vizuri," anasema. "Mimi hawa wadudu siwaamini tena."