Kidole cha Mama Kwenye Pakiti ya Chai

Nina miaka ishirini na tisa, sina kazi, na hasira yangu bado ni mbichi. Anayetaka kisa cha upole akatafute msimuliaji mwingine!

Kwa miaka minne nilikuwa mbunifu wa vifungashio katika ofisi ndogo pale Iringa mjini. Tulichora pakiti za chai, za unga, za asali. Kila saa nne, chai ikishamiminwa kwenye meza yetu kubwa, mtu alibandika mchoro wake ukutani, kwenye karatasi ya kaki, akasaini pembeni. Kisha wenzake wote waliushambulia. Wazo lisilobandikwa halikuhesabika. Aliyebandika ndiye mwenye wazo, basi.

Niliipenda meza ile, jamani... Asubuhi nilibandika ua, mchana likawa mlima wenye ukungu, kwa sababu tu mtu alicheka na mwingine akabisha.

Halafu mama akateleza kisimani, huku nyumbani Mbeya, akavunjika nyonga. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Ningefanyaje?

Nilipoomba ruhusa, bosi alinijibu vizuri mno. “Nenda dada, muuguze mama. Kazi fanyia hukohuko, kompyuta si unayo?” Wakati huo alikuwa ametutangazia kwamba atakayebuni pakiti ya chai ya mteja wetu mkubwa atakuwa mbunifu mkuu. Nafasi hiyo niliitamani kama mtu mwenye kiu!

Wiki za mwanzo nilikauka. Hakuna kicheko, hakuna ubishi, ni mvua tu juu ya bati. Nilichora, nikafuta...

Kisha siku moja mama alikaa juani akimenya maharage. Ujanani alichuma chai Rungwe. Kidole chake cha shahada kilivunjika zamani, kikaunga vibaya, kimepinda kama ndoana. Nikaitazama ile mikono hadi machozi yakanitoka. Nikaichora imeshika majani mawili na chipukizi. Mezani nisingeipata kamwe, maana mezani mama yangu hayupo!

Nikamtumia Yusta kwa simu. Yusta alikuwa rafiki yangu wa kiti kwa kiti pale ofisini, niliyekula naye sahani moja. Nikamwandikia: “Nibandikie, mdogo wangu.”

Akajibu: “Tayari, da Atu! Wamekodoa macho!”

Nilifurahi kama mjinga. Sikuuliza amesaini jina gani. Mimi, niliyeijua sheria ile kuliko wote, sikuuliza!

Mwezi ukapita kimya. Kisha bosi akaniandikia kwamba tangu niondoke sijabandika hata karatasi moja, kwa hiyo hanihitaji tena.

Nilimwacha mama kwa jirani, nikapanda basi saa tisa usiku. Kufika Nyololo, njiani, nilikuwa nimeshapanga maneno yote. Saa nne nikaingia ofisini. Mikono ya mama yangu ilikuwa ukutani... na pembeni, kwa wino mwekundu, jina la Yusta. Mbunifu mkuu!

“Kamwene, da Atu,” alinisalimu kwa Kihehe, bila hata kuinuka.

Nilimpa bosi simu yangu. Akasoma ujumbe wote, akanirudishia. “Umeandika ‘nibandikie’. Amekubandikia. Sasa kosa lake nini?”

“Ulituma picha tu,” Yusta akadakia. “Walipoiponda hapa, nani aliitetea? Nani aliibadilisha rangi? Wazo huzaliwa mezani, dada. Wewe ulikuwa Mbeya unakula ndizi!”

Wakacheka. Wote! Watu niliowamiminia chai miaka minne!

“Basi niambie,” nikamuuliza, “hicho kidole mbona kimepinda?”

Akakitazama. Nikaona hajui. Akainua mabega. “Sanaa.”

“Dada Atupele, usituharibie chai,” bosi akasema. “Hukuwepo.”

Hukuwepo... Neno hilo nimerudi nalo Mbeya kama mwiba kwenye nyayo.

Majuzi jirani alituletea pakiti ya chai kutoka dukani. Mama akaigeuza, akaisogeza machoni, akaweka kidole chake kando ya kile cha kwenye picha.

“Atu! Si mimi huyu?”

“Ni wewe, mama.”

“Kumbe ndiyo kazi unayofanya! Na mimi nilidhani nimekukwamisha hapa.” Akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Ningemwambia nini? Nikainjika maji ya chai; ukweli hajaujua mpaka leo.

Wenzangu, msinihubirie kwamba nyumbani wazo halizaliwi. Lilizaliwa! Wala msiniambie kwamba meza ina undugu. Ina meno! Lakini kama ofisi yako huheshimu waliokaa mezani tu, usikubali kukaa mbali nayo hata ukipewa ruhusa kwa kupigiwa magoti. Ukilazimika, panda basi, ubandike mwenyewe, usaini mwenyewe. Mimi nilizaa mwana, nikampa jirani ampeleke kubatizwa... akarudi na jina la jirani.