Suti ya Baba Watoto

Duka la simu lilikuwa limejaa pomoni, na foleni nzima ilikuwa inamsubiri mwanamke mmoja tu aliyeng'ang'ania kaunta. Mafundi wenzake humwita Fundi, basi. Gauni lake la bluu alilishona mwenyewe, na lilimkaa barabara.

"Nataka programu ya hesabu za duka la kushona," alimwambia muuzaji kwa mara ya nne. "Hii yako ina vitufe arobaini! Nashona nguo mimi, sirushi ndege."

Mtu akacheka nyuma yake.

"Unacheka nini, kaka?"

"Umesema kweli, dada. Hizo programu ninazifunga mimi madukani kwa watu. Mko wangapi dukani?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Intaneti?"

"Inakuja ikijisikia."

"Basi chukua hii ndogo. Oda, vitambaa, mapato, matumizi, imetosha. Inafanya kazi hata bila intaneti. Siku kumi na nne ni bure. Anza na wateja wa kubuni, uizoee, ndipo uweke wa kweli."

Kola ya shati lake ilikuwa imekaa upande. Fundi aliiona kola kwanza, kisha akauona uso, na lahaula, akasahau mkoba kaunta! Mtaalamu, ndivyo alivyoanza kumwita, ikabidi amkimbilie nao barabarani.

Siku kumi zilizofuata simu hazikupumzika.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Wako tangu lini? Vitambaa vyote vimepotea kwenye programu yako!"

"Umevificha tu, mpenzi. Kama unavyonificha mimi kwa mdogo wako."

"Nyoo! Anakujua mpaka kikohozi chako."

Siku ya kumi na moja, Mtaalamu alifungua kumbukumbu za duka kutoka ofisini kwake, kama walivyokubaliana, ahakikishe zinahifadhiwa. Katikati ya wateja akakuta: *Baba Watoto. Suti ya harusi. Malipo: bure.*

Moyo ukamlipuka paa! Kumbe ana mtu? Na nani aliyemwambia abuni wateja kama si yeye mwenyewe? Lakini wivu haushauriki. Hakuuliza. Akazima simu, akanuna kama mtoto aliyenyimwa pipi.

Fundi alipiga, akapiga tena. Hakutulia. Akashona mkono wa shati nje ndani, akaufumua, akaushona vilevile tena. "Dada, kapumzike," mdogo wake alimsihi, "utatufukuzia wateja." Alimpenda yule mtu na aliogopa amemkosa, na hakujua kosa lake ni nini.

Siku ya kumi na nne ujumbe ukaingia: *Programu inakufaa, inunue. Ukikwama, mwenzangu atakusaidia. Nakutakia heri na Baba Watoto.*

Weee! Fundi hakubadilisha hata ndala. Alipanda ngazi za ofisi ile mbili mbili, akamkuta Mtaalamu kati ya wenzake.

"Umemsoma Baba Watoto?"

"Nimemsoma. Hongera."

"Na vipimo vyake?"

"Vipimo vyake vinanihusu nini?"

"Fungua! Soma kwa sauti."

Akafungua, shingo upande. "Bega kumi na nane. Kifua arobaini. Mkono ishirini na tano."

"Simama." Akatoa futi ya kupimia mkobani na kumpima pale pale, ofisi nzima ikitazama. Bega kumi na nane. Kifua arobaini. Mkono ishirini na nne.

"Mkono nimekosea inchi moja," alisema. "Nilikupima kwa macho. Ulisema nibuni mteja, nikabuni ninayemtaka. Ungeuliza tu, mjinga wewe!"

Mtaalamu alikosa pa kuficha uso. "Nisamehe, mpenzi. Niweke kwa wateja wa kweli."

"Haitakubali. Oda haijajazwa tarehe ya kuchukua."

Mtaalamu akaichukua simu ya Fundi, akajaza tarehe, akamrudishia.

Fundi akasoma, akafyonya. "Miezi sita? Suti nashona siku mbili!"